Weka mikono mfukoni kwanza

Msaidizi mpya akianza kazi, jambo la kwanza ninalomwomba ni aweke mikono mfukoni. Hucheka. Kicheko humwisha pale mtu tunayemsaidia anapohangaika na zipu ya jaketi kwa dakika tatu, naye anatamani kumfungia ili watoke.

Ninafanya kazi na watu wazima wenye ulemavu wa akili waliohama vituo vya matunzo, au nyumbani kwa wazazi, wakaanza kuishi mtaani kama majirani wengine. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinawapa haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Hata hivyo, nimeingia nyumba nyingi ambazo nje ni za mtaani na ndani ni kituo kilekile: wote wanaoga saa ileile, na funguo za chumba anazo msaidizi.

Kuhama ni siku moja. Kazi yenyewe imo kwenye mambo madogo, kama kutandika kitanda. Ninakigawa kitanda hatua kwa hatua, kisha ninaanza kufundisha kutoka mwisho: mimi ninatandika kila kitu, yeye anaweka mto. Akishauzoea mto, anaongeza blanketi, halafu shuka. Kwa njia hiyo kila asubuhi anayemaliza ni yeye, na anayemaliza ndiye mwenye kitanda. Akikwama, ninahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufanya lolote. Kisha ninaonyesha kwa kidole. Maneno ninayabania, maana aliyezoea kuambiwa “sasa vuta” atasimama kuisubiri sauti hata siku ambayo haupo.

Halafu kuna “ndiyo”. Watu wengi niliokutana nao wamejifunza tangu utotoni kwamba ukiitikia, unaachwa kwa amani. Ukiuliza, “Unapenda hapa?” atasema ndiyo. Uliza, “Unachukia hapa?” Ndiyo vilevile! Ukitaja vitu viwili, huenda akarudia cha mwisho. Kwa hiyo mimi huleta mashati mawili, ninayaweka mezani na kunyamaza, kisha baadaye ninabadilisha nafasi zake nione kama chaguo linabaki. Asiyeongea kabisa naye huchagua: anasukuma, anageuka, anachelewa kutoka kitandani.

Ndugu ndio huniuliza kuhusu hatari, na sipendi kuwapuuza, kwa sababu wamebeba mzigo miaka mingi kabla yangu. Robert Perske, Mmarekani aliyetetea haki za watu wenye ulemavu wa akili, aliandika mwaka 1972 kwamba kuna heshima katika kuruhusiwa kujihatarisha, na kwamba ulinzi uliopita kiasi unamdunisha mtu. Tunayo methali ya mtoto anayelilia wembe, ila hapa haifai: huyu si mtoto, wala hatumpi wembe ili ajikate apate adabu. Tunakaa naye na kupanga. Anayetaka kwenda dukani peke yake, kwanza ninatembea kando yake, kisha nyuma yake, kisha ninamsubiri mlangoni.

Mmoja alirudi bila alichotumwa. Alikuwa amejinunulia kofia nyekundu, kubwa kuliko kichwa chake. Msaidizi alinitazama, akitaka tuirudishe. Nikamwonyesha mifuko yangu.