Ngozi inapauka, inawasha: ni ukavu au ni upele?

Desemba ikifika na upepo mkavu ukianza kuvuma Arua, Gulu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda, maswali huwa yale yale.

Najipaka mafuta kila asubuhi, mbona saa sita miguu imeshapauka?

Huenda unajipaka ngozi ikiwa imeshakauka. Mafuta hayaongezi maji mwilini; yanazuia yaliyomo yasitoke. Ukimaliza kuoga, jifute kwa kugusagusa tu, kisha jipake ngozi ikiwa bado na unyevu, ukianzia kwenye miundi. Vaselini isiyo na manukato inatosha, tena ni rahisi. Mafuta ya shea, moo yaa ya Waacholi, nayo ni mazuri na huyeyuka kiganjani. Harufu yake wengine hawaipendi, lakini ngozi haina pua.

Nioge na sabuni gani?

Isiwe ya kufulia, maana hukomba mafuta ya asili ya ngozi. Sabuni za dawa nazo hukausha. Tumia sabuni laini na maji ya uvuguvugu, usikae bafuni muda mrefu, na dodoki liweke kando kwanza.

Mwanangu anajikuna usiku kucha, na sasa mdogo wake pia ameanza. Ni kiangazi?

Mama, hapo usimalize pesa kwenye mafuta. Watoto wawili nyumba moja, na kuwashwa kunazidi usiku: shuku upele (scabies), ugonjwa wa kuambukiza wa kidudu kinachochimba ngozi. Tazama katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na kuzunguka kitovu. Utaona vipele vidogo, pengine na kijistari chembamba. Hapo ndipo kidudu kimechimba.

Nenda kituo cha afya upewe dawa, kwa mfano losheni ya benzili benzoeti, na uulize kipimo cha watoto. Wote wa nyumbani watibiwe siku moja, hata asiyewashwa, kwa sababu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 bila dalili. Wengi hukosea hapa: wanampaka mtoto mmoja, baada ya mwezi mchezo unaanza upya. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko angalau siku 3. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya tiba, na hiyo si lazima iwe dalili kwamba dawa imeshindwa.

Krimu niliyouziwa dukani ilinituliza siku mbili tu.

Soma boksi. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi. Huficha mwasho huku upele au fangasi vikienea, na ukiizoea ngozi inakuwa nyembamba. Usoni usiipake bila daktari.

Nimwone daktari lini?

Ngozi ikitoa usaha, au mwili mzima ukiwasha bila vipele, hasa ukiwa na macho ya manjano, kiu isiyoisha au unakonda: ini, figo na sukari vipimwe. Aliyeishi karibu na mito yenye maji ya kasi, kama upande wa Madi na Acholi, amtajie daktari jambo hilo, kwa sababu ugonjwa wa usubi (upofu wa mtoni), unaoenezwa na nzi wadogo weusi wa mtoni, nao huwasha na unaweza kupofusha.