Anza na kilichomo karakanani, si jina la biashara

Wenye karakana hapa Nairobi huniuliza: "Mimi hasa, sheria gani za usalama zinanihusu?" Wengi wametafuta ukurasa wenye jina la kazi yao, "maseremala" au "wachomeleaji", wakaukosa. Kanuni nyingi za Kenya hazifuati jina lililoandikwa kwenye leseni. Zinafuata mashine, kemikali na idadi ya watu.

Msingi ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Hiyo inakugusa hata ukiwa na mfanyakazi mmoja, na inakutaka usajili mahali pa kazi kwa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Leseni ya kaunti haitoshi.

Baada ya hapo huacha makaratasi nikazunguka na mwenyewe. Juzi nilikuwa kwa mama mmoja anayetengeneza makochi. Msumeno wa mviringo ulimwingiza kwenye Kanuni za Mashine za Mbao za 1959. Ni za zamani lakini zina nguvu mpaka leo: zinadai kikinga juu ya meno, na kisu cha nyuma kinachozuia ubao usiubane msumeno. Kelele ikizidi desibeli 85, lazima awe na mpango wa maandishi wa kuidhibiti. Na mtu hapaswi kukaa kwenye zaidi ya 90 kwa zaidi ya saa 8. Gundi na vanishi zikaleta kanuni za kemikali hatari na za kupunguza hatari ya moto, zote za 2007.

Kompresa ya kupulizia rangi hakunionyesha, kwa kuwa haikati kitu. Hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Tangi lake la hewa lazima likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau kila miezi 24. Maji hutuama chini, kutu ikala chuma kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa, na siku likipasuka, vipande huruka. Tafadhali, mwaga maji hayo kila jioni.

"Mama, mko wangapi?" Akasema 14. Tulipohesabu na vibarua wanaokuja kila siku, wakafika 21. Kuanzia 20, lazima kuwe na kamati ya usalama, nusu upande wa mwajiri, nusu wafanyakazi.

Daftari lake lilikuwa na mistari sita tulipomaliza. Wa kwanza ulisema: kompresa izimwe mpaka mkaguzi aje.