Vipande vingi havifanyi seti ya bisibisi kuwa na thamani

Wengi wakiona kasha la bisibisi lenye vipande 100 kwa bei ya chee, hugawanya bei kwa idadi na kujiona wamepata. Hesabu hiyo inadanganya. Kazi nyingi za nyumbani humalizwa na bisibisi bapa mbili tatu na za msalaba PH1 na PH2 (PH ni msalaba wa aina ya Phillips, namba ni saizi). Vilivyobaki mara nyingi ni saizi zinazojirudia, au maumbo ambayo huenda usikutane na skrubu zake maishani.

Kagua ncha. Chuma laini hulika kingo, bisibisi ikaanza kuteleza na kunyoa kichwa cha skrubu, na kuitoa hiyo skrubu ni balaa jingine. Maandishi "Cr-V" hutaja tu kuwa chuma kina kromu na vanadi. Hayasemi kama kilitiwa ugumu ipasavyo. Ijaribu kwenye skrubu halisi: ikicheza, iache. (Ila usichanganye PH na PZ, yaani msalaba wa aina ya Pozidriv. Zinafanana, lakini skrubu ya PZ ina mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba, na PH haikai vizuri humo.)

Mimi ningechukua seti rahisi ya bisibisi 6 zenye ncha kamili na mpini usiozunguka peke yake.