Chengachenga kwenye picha: tunayoambiana na yaliyo kweli kuhusu sensa za kamera

Jumamosi moja usiku, baada ya send-off kwenye ukumbi mmoja wa Sinza, nilikaa na kijana ninayemfundisha kazi tukihamishia picha kwenye kompyuta. Mimi nilipiga kwa kamera yangu ya megapikseli 24, yaani nukta (pikseli) milioni 24 kwa kila picha, yeye kwa kamera ya kuazima ya megapikseli 45. Sensa zao, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, zina ukubwa uleule. Akalikuza shavu la bi harusi hadi asilimia 100 kwenye kila picha, akanyamaza kidogo.

"Kaka, hii ya bei mbaya mbona ina chenga, hivi vidoadoa, kuliko yako?"

Swali hilo nalisikia kila mara, na nimeona watu wakiuza kamera nzuri kwa sababu ya jibu lisilo sahihi.

Dhana: Pikseli zikiwa nyingi, chenga nazo zinakuwa nyingi

Kukuza hadi asilimia 100 maana yake ni kwamba pikseli moja ya picha inakaa kwenye pikseli moja ya skrini. Picha yangu ina upana wa pikseli 6,000. Yake inapita 8,000. Kwenye skrini ya kawaida yenye pikseli kama 100 kwa inchi, ni sawa na kutazama bango langu la mita moja na nusu na bango lake la mita mbili na ushee, huku umesimama hatua ileile. Lazima lake lionekane na kasoro zaidi, maana unalitazama kwa ukaribu zaidi.

Nikamwambia aipunguze yake mpaka iwe na upana wa 6,000 kama yangu. Chenga zikalingana, na nakshi za gauni zikabaki wazi kidogo kwenye picha yake. Chenga hutokea ovyo, pikseli hii ikizidi ile inapungua, kwa hiyo ukizichanganya zinafutana: pikseli nne zikifanywa moja, chenga zinapungua kwa nusu.

Mabishano haya si mapya. Mwaka 2012 Nikon walitoa D4 ya megapikseli 16 na D800 ya megapikseli 36, zote zenye sensa ya ukubwa mmoja. Wengi waliamini D800 haifai usiku. Picha zake zilipopunguzwa zikalingana na za D4, tofauti ikawa ndogo sana hadi kwenye ISO (kiwango cha kamera kuing'arisha picha) za juu kabisa. Kwenye giza nene pikseli kubwa bado zina nafuu, kwa sababu kila pikseli inaposomwa huongeza kelele kidogo ya umeme. Ukumbi wa harusi haujafika giza hilo.

Dhana: ISO ndiyo inayoleta chenga

Hii ndiyo inayotuharibia kazi kuliko zote.

Mwanga huja kwa chembe, kama mvua. Panga vikombe uani wakati wa manyunyu: hiki kitapata matone matatu, jirani yake saba. Vipange wakati wa masika vitajaa karibu sawasawa. Pikseli nazo ni vikombe. Ikipokea chembe 10,000 za mwanga, hesabu yake huyumba kwa kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni. Ikipokea 100 tu, huyumba kwa kama 10, asilimia nzima 10, na hizo ndizo chenga. ISO inakuza kilichokwisha kupokelewa. Mwanga ulioingia huamuliwa na uwazi wa lenzi, kasi ya shata na taa zilizopo.

Kwa hiyo anayeogopa ISO 3200 akapiga kwa 400, kisha akaing'arisha picha kwenye kompyuta, hajaokoa chochote. Mwanga alioukusanya ni uleule, na kwenye kamera nyingi picha yake hutoka sawa au mbaya zaidi.

Hapa pananigusa, kwa sababu wanaoumia ni watu wetu. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko gauni jeupe. Kamera ikiachwa ijiamulie, huliona gauni na taa za mapambo, ikaitia giza picha nzima. Uso unabaki na manyunyu. Tukiung'arisha baadaye, chenga zinajitokeza palepale shavuni, halafu tunalaumu kamera, na wengine bila haya wanalaumu rangi ya mtu. Pima mwanga usoni. Ongeza mwanga kadiri uwezavyo, ukiacha tu pale ambapo weupe wa gauni unaanza kupoteza nakshi zake.

Halafu kuna zile taa za zambarau za ukumbini. Nusu ya pikseli za sensa ya kawaida hutazama kupitia kichujio cha kijani, robo chekundu, robo buluu. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Zambarau ina nyekundu na buluu, kijani karibu hakuna, hivyo nusu ya sensa inakaa gizani. Ukijaribu kurudisha rangi ya ngozi, programu inalazimika kuivuta kijani isiyokuwepo, na inakuja na chenga zake. Hakuna kamera ya kukuokoa hapo. Mwombe fundi taa mapema aweke taa moja nyeupe mbele ya meza kuu.

Dhana: Nikipata fulufremu, tatizo limekwisha

Sensa ya fulufremu ni milimita 36 kwa 24. Ya APS-C, aina ndogo zaidi ya sensa, kwenye kamera nyingi ni kama 23.5 kwa 15.6. Eneo linazidi kama mara 2.3, na mwanga unaokusanywa unazidi hivyohivyo. Inasaidia kweli. Ila kutoka uwazi wa f/5.6 (namba ikipungua, uwazi unaongezeka) wa lenzi iliyokuja na kamera kwenda f/1.8 ya lenzi ya milimita 50 unapata mwanga karibu mara 10, kwa pesa ndogo mno ukilinganisha na kubadilisha kamera. Tahadhari moja: kwa f/1.8 wakwe waliosimama safu tatu hawatatoka wazi wote, wengine watakuwa na ukungu. Hapo funga lenzi, tumia fleshi.

Dhana: Megapikseli 48 ina ukali mara mbili ya 24

Ukali, yaani jinsi vitu vidogo vinavyoonekana wazi, huhesabiwa kwa mstari, na pikseli zimetandazwa kwa urefu na upana. Kutoka 24 hadi 48 unapata mara 1.4 tu, kupata mara mbili unahitaji 96. Na ukiifunga lenzi hadi f/16, nukta moja ya mwanga inatanuka hadi kama mikroni 21, wakati pikseli ya fulufremu ya 24 ina mikroni 6 tu. Faida yote ya pikseli imepotea.

Simu za megapikseli 48, 108 na 200 zinazosifiwa madukani Kariakoo kwa kawaida huunganisha pikseli 4, 9 au 16 kuwa moja. Unachopata ni picha ya kama 12, na inatosha: A4 ya kuchapishwa vizuri haifiki 9.

Dhana: Joto la Dar ndilo linaloleta chenga

Kwa picha ya sehemu ya sekunde, hapana. Ukiwa Kigamboni na kamera juu ya stendi, shata ikiwa wazi kwa dakika kadhaa ukisubiri taa za mjini ng'ambo ya maji, hapo ndiyo. Ipumzishe kamera kati ya picha na picha.

Kesho yake tulitundika khanga kwenye kamba uani Tabata, giza likianza kuingia. Tukaipiga kwa kamera zote mbili: lenzi moja, uwazi mmoja, kasi moja, stendi moja, kisha picha zote mbili tukazifanya za ukubwa mmoja. Kwa hatua ishirini, jina lake, "Wema hauozi", lilisomeka kwenye zote. Ya 45 ilionyesha pia uzi uliofumuka kwenye pindo. Weusi wa pindo lenyewe ulikuwa na chenga zilezile.