Ngege wa Gikomba si yule ngege wa zamani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri soko la samaki la Gikomba huwa limeshachangamka. Kreti zinashushwa, barafu inapondwa, maji yanatiririka chini ya meza, na mimi nimesimama mbele ya mama mmoja ambaye nimenunua kwake miaka mingi. Siku hiyo sikuja kununua tu. Nilimwomba anikunjulie mkia wa tilapia mmoja. Akaushika kwa vidole viwili, akautanua kama upepeo wa kuchochea makaa.

"Unaona nini hapo, mama?"

"Naona mkia, daktari."

"Tazama vizuri. Kuna mistari."

Akainama. Mistari myembamba iliyokolea, imesimama wima, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye shina la mkia hadi ukingoni. Akanyamaza kidogo, akachukua samaki wa pili, kisha wa tatu. "Wote wanayo," akasema. "Na mimi nimewaparua magamba hawa tangu sijaolewa."

Mistari hiyo ndiyo kitambulisho cha samaki ambaye sisi wataalamu wa samaki wa maji baridi humwita Oreochromis niloticus, tilapia wa Nile. Tilapia mzima unayekaangiwa Nairobi leo, karibu kila mara ni yeye: awe amevuliwa Ziwa Victoria, amefugwa kwenye kizimba huko ziwani au kwenye bwawa la Kiambu, au ameingia akiwa amegandishwa kutoka China. Sokoni anaitwa ngege. Lakini jina hilo la ngege halikuwa lake.

Ngege mwenyewe ni Oreochromis esculentus. Neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake "anayelika", na aliyempa hakukosea, maana huyu ndiye aliyependwa kuliko tilapia wote wa ziwa. Wajaluo, waliowajua samaki wao mmoja mmoja, walimwita ngege. Ndugu yake, Oreochromis variabilis, walimwita mbiru. Asili ya wote wawili ni Ziwa Victoria na maziwa ya jirani. Baadaye, tilapia wa Nile alipoletwa, akapewa jina lake pia: nyamami. Majina matatu, samaki watatu, na hakuna mvuvi aliyewachanganya.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngege alipata njia ya kuja mjini. Mwaka 1905 nyavu za kisasa za kunasia zikaanza kutumika upande wetu wa ziwa, na samaki wakavuliwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1927 mtaalamu wa samaki Mwingereza, Michael Graham, alitumwa kufanya uchunguzi. Yeye ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi, na akapendekeza jicho la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Kufikia miaka ya 1950 samaki wa asili walikuwa wamepungua sana, ndipo wageni wakaingizwa ziwani: tilapia wa Nile na mbuta, yaani sangara. Nyamami hukua kuliko ngege, hachagui chakula, na hupandana na jamaa zake wa karibu. Ngege akabanwa kila upande: nyavu, mshindani, mbuta mwenye kumeza kila kitu, na maji yanayozidi kuchafuka. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Jina likabaki peke yake, likahamia kwa nyamami. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Mteja wa Nairobi bado anaagiza ngege, bado analetewa ngege na ugali na sukuma, kwa hiyo hana habari kwamba kuna aliyepotea.

Bahati nzuri hajaisha kabisa. Katika kinamasi cha Yala, kaunti ya Siaya, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, na humo ngege wa zamani bado yupo. Aliokolewa na mafunjo. Maji yaliyojaa mizizi ya mafunjo huwa na hewa kidogo sana ya oksijeni, na mbuta haivumilii hali hiyo. Tilapia na samaki wadogo wa ziwa huivumilia. Kwa hiyo ukanda wa mafunjo ukawa ukuta: adui hapiti, mwenyeji anaishi nyuma yake. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kinamasi ni ardhi iliyolala bure, moyo huniuma. Ukikausha kile kinamasi ili upande mazao, umebomoa nyumba ya mwisho ya ngege upande huu wa ziwa. Tishio jingine ni nyamami mwenyewe. Akiingia, hatamla ngege. Atazaa naye, na baada ya vizazi kadhaa utakuwa na samaki ambaye si huyu wala yule. Mchanganyiko wa namna hiyo umeshakutwa katika maziwa madogo ya eneo hilo. Wanakijiji wanaolinda mafunjo, wakiyakata kwa kiasi kwa ajili ya mikeka na vikapu na kuyaacha yachipue, wanafanya kazi ya kuhifadhi samaki kuliko wengi wetu wenye shahada.

Mbuta nitampitia kwa haraka kwa kuwa kila mtu anamjua, ingawa wengi wa Nairobi wamemjua kwa mifupa. Minofu husafirishwa nje, kibofu cha hewa, yale mabondo, huuzwa ghali Asia, na kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo: mgongo wazi. Hukaangwa, huuzwa mitaani, na umewalea watoto wengi wa mji huu. Akiachwa akue, mbuta anaweza kufika urefu wa mita 2. Sheria ya ukubwa wake inafaa uijue hata wewe mnunuzi: chini ya sentimita 50 asivuliwe kwa sababu hajazaa, na juu ya sentimita 85 aachwe kwa sababu majike wakubwa ndio wenye mayai mengi. Ukiona mbuta mdogo anayetosha sahani moja, mzima na kichwa chake, huyo alitolewa majini kabla ya wakati wake.

Omena, wale dagaa wa ziwani, ndio ninaowapenda zaidi kufundishia, kwa sababu somo lote liko jikoni kwako. Kabla hujawaosha kesho, wamwage kwenye sinia jeupe. Omena mwenyewe, Rastrineobola argentea, ni mwembamba, rangi ya fedha, na pezi lake la mgongoni ni dogo, limekaa nyuma kabisa, karibu na mkia. Sasa tafuta wasiofanana naye. Utaona kamba wadogo mno, ochonga. Pengine utaona samaki mwenye mdomo mpana na taya la chini lililotangulia: huyo ni mtoto wa mbuta. Na ukiwa na bahati utampata mfupi mnene, mwenye pezi refu la mgongoni ambalo nusu yake ya mbele ni miiba. Mguse kwa kidole, atakuchoma hata akiwa mkavu. Huyo ni fulu.

Mshike kwa heshima. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu, na wengi mno hawapatikani kwingine duniani. Kulikuwa na wala konokono, wala mwani, wala mayai ya samaki wenzao, hata wenye kula magamba. Mbuta walipofurika katika miaka ya 1980, aina zinazokadiriwa kufika 200 zilipotea. Baadhi walirudi mbuta walipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana, na huyo mliyekutana naye kwenye sinia ni uzao wa walionusurika. Nilipoanza kazi hii nilidhani nitawaonyesha wanafunzi fulu kwenye chupa za maabara tu. Siku hizi huwaambia walete omena wa nyumbani.

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili wazaliane. Bei hupanda Nairobi na malalamiko huwa mengi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vile BMU, ndivyo hubeba lawama, kwani vinamzuia jirani asiende kuvua usiku ilhali watoto wake wanataka chakula. Naomba mnunuzi wa mjini aielewe miezi hiyo minne. Omena huzaa haraka, hurejea haraka, akipewa nafasi.

Kuna jambo moja ninalolibeba. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi uliochimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneo bunge kati ya 140. Wakati huo nilikuwa kijana mwenye ari, na nilimshauri mzee mmoja wa upande wa Kiambu afuge tilapia wa Nile kwenye bwawa lililokuwa hatua chache kutoka kijito kinachoingia Mto Athi. Vifaranga walikua vizuri. Mvua ndefu ya mwaka uliofuata ikajaza bwawa mpaka maji yakapita juu ya ukingo, na asubuhi mzee akanipigia: "Mwanangu, samaki wameenda." Yeye alihuzunikia hasara. Mimi nilikuwa nikifikiria kijito.

Bonde la Athi lina tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus, na wale wa Nile wanaweza kuzaana naye kama walivyofanya na ngege. Tangu siku hiyo sitoi ushauri wa bwawa kabla sijaona mahali maji yatakapotokea. Bwawa lichimbwe mbali na mkondo, njia ya maji iwekwe wavu wa matundu madogo, na vifaranga wawe madume watupu. Hata hao madume si kinga kamili, kwani kwenye kundi hukosi jike mmoja au wawili. Jike wa tilapia huyu hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga hukimbilia humo wakiona hatari. Jike mmoja akivuka ukingo na mdomo wake umejaa, amehama na ukoo.

Watu hushangaa nikiwaambia mji wetu una samaki wake. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hukutana na mito ya Mathare na Ngong, huingia Athi, huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagikia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njia hiyo ya maji ina samaki wadogo wa jamii ya kuyu, ina kambare wenye kupumua hewa ya juu, na ina mikunga wa mtoni, ambao huzaliwa baharini, hupanda mto wakiwa wembamba kama uzi, hukulia maji baridi kwa miaka, kisha hurudi baharini kutaga. Taka inayotupwa mtoni hapa Nairobi hupita kwenye njia ileile. Kwa hiyo wakazi wa Kikuyu wanaolinda Ondiri na vijana wa Korogocho waliozoa taka ukingoni na kutengeneza bustani, kwangu mimi ni wahifadhi wa samaki, hata kama kwao wenyewe ni suala la maji na mahali pa watoto kuchezea.

Na ukitaka kuona jina "tilapia" linavyoficha mengi, shuka siku moja hadi Ziwa Magadi. Kwenye chemchemi za pembeni ya ziwa lile, katika maji ya magadi yenye kuwasha ngozi na joto linaloweza kupita nyuzi 40, anaishi Alcolapia grahami, mdogo kama kidole. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kwa amonia kupitia mashavu. Katika maji makali namna ile amonia haitoki kwa urahisi, basi huyu huigeuza kuwa urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu. Naye ni jamaa wa yule aliye kwenye sahani yako.

Jumamosi iliyopita simu yangu ililia kabla jua halijachomoza. "Daktari, njoo upesi. Nimepata mmoja hana mistari." Nilifika Gikomba nikihema. Alikuwa amemtenga, amemfunika kwa gunia lenye maji. Samaki mweusi mweusi, mkia hauna mistari kweli, ila mapezi yamejaa madoadoa meupe. Nilimgeuza upande wa pili, nikafungua mdomo, nikahesabu miiba ya pezi la mgongoni. Hakuwa ngege. Alikuwa tilapia mwingine, Oreochromis leucostictus, aliyepandikizwa Ziwa Naivasha miaka ya 1950, na kreti ile kweli ilikuwa imetoka Naivasha.

"Kwa hiyo si ngege?" akauliza.

"Si ngege, mama. Wala si nyamami."

Hakukata tamaa. Alimlaza peke yake mbele ya meza, juu ya barafu safi, mkia umetandazwa. Mteja wa kwanza alipofika na kuuliza bei ya ngege, mama akamwambia asubiri kidogo, akamshika mkono, akamwinamisha karibu na meza.