Je, Wajua Kwa Nini Ugonjwa wa Bipola Huchukua Miaka Kabla ya Kutambuliwa, na Dawa Zake Huchaguliwaje?

Mtu akishukiwa kuwa na malaria mjini Kisumu, hudungwa kidoleni, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, na kabla ya nusu saa kupita jibu huwa limepatikana. Ugonjwa wa bipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya huzuni nzito na mchangamko uliopita kiasi, hauna kipimo cha namna hiyo. Hakuna damu, mkojo wala picha ya ubongo inayoweza kumthibitishia daktari kwamba mgonjwa aliye mbele yake ana bipola. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kufuatilia maisha ya mtu yalivyokwenda miezi na miaka iliyopita, na ndiyo maana wengi huzunguka hospitalini kwa miaka mingi wakitibiwa maradhi mengine.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na bipola mwaka 2019. Mara nyingi dalili huanza mtu akiwa katika miaka ya mwisho ya ujana au ishirini na kitu. Huja vipindi vya sonona, yaani huzuni nzito na kuishiwa nguvu kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na huja vipindi vya mania, ambapo mtu huchangamka au kukasirika kupita kiasi kwa wiki nzima au zaidi, akalala saa chache bila kuhisi uchovu, akazungumza bila kituo, akatumia fedha ovyo na kujiona hawezi kushindwa na lolote. Ipo pia mania nyepesi, ambayo hudumu siku nne au zaidi na haimzuii mtu kufanya kazi zake. Hiyo nyepesi ndiyo inayowapotosha watu zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke wa miaka 27 anayeuza omena, yaani dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Mwezi wa Desemba analala kwa muda wa saa tatu tu, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, ananunua mzigo maradufu kwa deni, anachukua mikopo miwili ya simu, na kwenye mkutano wa chama anazungumza yeye peke yake hadi wenzake wanatazamana. Nyumbani wanasema biashara imemnyookea. Ifikapo Machi hawezi kutoka kitandani, omena imeharibika, wenye madeni wanapiga simu asubuhi na jioni, naye anakwenda kwenye zahanati akisema kwamba mwili umechoka, kichwa kinamuuma na usingizi umempotea. Kila alichomwambia tabibu ni kweli. Tabibu anapima malaria, hapati kitu, anauliza maswali machache kuhusu huzuni, kisha anamwandikia dawa ya sonona, pengine fluoksetini au amitriptilini. Habari za Desemba hazikutajwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaukumbuka mwezi ule kama mwezi pekee aliokuwa mzima.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu. Mtu hupeleka hospitalini kile kinachomuuma, na mania nyepesi haiumi. Zaidi ya hayo, wagonjwa wengi wa bipola huishi siku nyingi zaidi katika sonona kuliko katika mania, kwa hiyo ukimkuta mmoja wao kwenye foleni, yamkini umemkuta akiwa upande wa huzuni. Tabibu hakukosea kuona sonona. Alionyeshwa nusu ya ugonjwa.

Kutoiona nusu ya pili kuna athari zake. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake kwa mtu mwenye bipola zinaweza kumrusha kwenye mania au kufanya vipindi vifuatane kwa kasi. Haimtokei kila mtu, lakini ikiwa umewahi kupewa dawa ya sonona na baada ya siku au wiki chache ukaacha kulala, ukajaa mipango na hasira, hiyo ni habari ambayo daktari anapaswa kuipata neno kwa neno.

Wapo wanaopitia njia tofauti. Mania yao huja kwa nguvu tangu mwanzo, wakasikia sauti au wakaamini wametumwa ujumbe mkubwa. Hao mara nyingi hudhaniwa kuwa na skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyo ya kweli, au jamaa huamua kwamba amerogwa ama ni chira iliyompata kwa kuvunja mwiko. Familia inayoomba pamoja na mgonjwa wake haina kosa lolote, na maombi hayazuii matibabu. Kosa ni kumfunga kamba na kumfungia chumbani huku wiki zikipita. Dalili moja inayomsaidia daktari kutofautisha magonjwa haya mawili ni jinsi mtu alivyo kati ya vipindi: mwenye bipola mara nyingi hurudia hali yake ya kawaida, akafanya kazi na kucheka na watu, na zile sauti kwa kawaida huja na kuondoka pamoja na mania au sonona yenyewe.

Je, vipimo vya damu basi ni vya nini? Ni vya kuondoa maradhi mengine yanayofanana na bipola. Katika ukanda wa Ziwa Victoria, mtu mwenye homa aliyechanganyikiwa ghafla hupimwa malaria kwanza, kwa sababu malaria ya ubongo huua haraka. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta haraka na kukosa usingizi. Ikizembea huleta uchovu unaofanana na sonona. Virusi vya ukimwi visivyotibiwa na kaswende iliyofika kwenye ubongo vyaweza kuleta hali kama mania, na vilevile dawa kama prednisoloni, pamoja na bangi na pombe. Usikasirike basi daktari akikuuliza unavuta nini na unakunywa nini. Hakuhukumu.

Kwa maoni yangu, jambo linaloweza kufupisha miaka hii ya kuzunguka kuliko lingine lolote ni kutokwenda kliniki peke yako. Nenda na mtu aliyeishi nawe: mume au mke, mama, dada, hata mwenzako wa sokoni. Yeye ndiye aliyeiona Desemba. Kabla ya kwenda, ketini pamoja mkaandike kwenye daftari miezi ilivyokwenda: ni lini usingizi ulipungua bila uchovu kuja, ni lini fedha zilitoka ovyo, ugomvi gani ulizuka kazini, ni lini ulishindwa kuoga. Andikeni pia kama kuna jamaa wa damu aliyewahi kuwa na hali hii au aliyejiua, kwa kuwa bipola hufuata ukoo kwa kiasi kikubwa, na kama kipindi kizito kilikuja baada ya kujifungua, maana wiki za kwanza baada ya uzazi ni wakati wa hatari kwa mama mwenye ugonjwa huu. Majina ya dawa zote ulizowahi kumeza yaingie pia. Ukiwa na pakiti kuukuu, ichukue.

Daktari atauliza kama umewahi kufikiria au kujaribu kujiua. Wengi nchini Kenya wamekuwa wakificha jibu kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sema ukweli. Na mawazo hayo yakiwa yapo leo hii, usisubiri tarehe ya kliniki: mwambie mtu wa karibu sasa hivi, mwende pamoja kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na dawa za kilimo na vidonge vyote vilivyomo nyumbani viwekwe mbali nawe.

Si lazima uanzie kwa daktari bingwa. Tabibu au muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya kaunti ndogo anaweza kuanza kuchunguza na kukuandikia rufaa, iwe ni Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, au ile ya kaunti ya Nakuru. Huenda jibu lisitolewe siku ya kwanza. Daktari anayesema anataka kukuona tena mara kadhaa kabla ya kuupa ugonjwa jina anafanya kazi yake vizuri.

Ugonjwa ukishatambuliwa, swali la dawa nalo halijibiwi kwa jina moja la kidonge. Aliye katika mania kali huhitaji dawa ya kumtuliza katika siku chache, kama haloperidoli, risperidoni au olanzapini. Baadaye huja dawa ya kuzuia vipindi visirudi, na hapo ndipo uchaguzi unapohitaji mazungumzo marefu.

Lithiamu, ambayo hutolewa kama aina ya chumvi, ndiyo kongwe na ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alichapisha taarifa ya wagonjwa 10 wa mania aliowapa chumvi hii, na mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake nchini Denmark walionyesha kwa jaribio lililopangwa kwamba inafanya kazi. Inazuia mania na sonona, na inajulikana kwa kupunguza vifo vya kujiua. Ugumu wake ni kwamba kipimo kinachotibu na kinachodhuru vinakaribiana sana. Kiasi kinachotakiwa mwilini kwa muda mrefu ni takriban milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita ya damu, ikipita 1.5, sumu huanza kujionyesha kwa kutapika, kuharisha, mikono kutetemeka vibaya, kuyumba na ulimi kuwa mzito. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, pamoja na figo na thairoidi.

Upimaji huo una utaratibu wake, na watu wengi hawaelezwi. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa anayetoka Bondo na kutarajia kufika maabara ya Kisumu saa tatu asubuhi anapaswa kumeza kidonge chake saa tatu usiku uliotangulia, apande matatu ya mapema, na asimeze dozi ya asubuhi, kama anayo, mpaka damu itolewe. Akiimeza njiani, kipimo kitasoma juu kuliko ilivyo kweli, na huenda dozi yake ikapunguzwa bila sababu.

Jambo la pili ni maumivu. Mgongo ukiuma, watu wetu huingia kemisti na kununua diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa lolote. Dawa hizo hupunguza kasi ya figo kutoa lithiamu, ikarundikana mwilini. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na zile zinazoongeza mkojo, hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli kwa kawaida haina tatizo hilo. Kuharisha, kutapika na kutoka jasho jingi shambani bila kunywa maji ni hatari ileile, na wala usiache chumvi ghafla kwenye chakula. Ukiharisha sana, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo.

Mahali ambapo maabara haiwezi kupima lithiamu, daktari aweza kuchagua valproeti. Ni dawa nzuri dhidi ya mania, lakini haifai kupewa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa kuna njia nyingine. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wanaokuwa tumboni dawa hii ikitumiwa huzaliwa na kasoro za mwili, zikiwemo za uti wa mgongo, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Yule mama wa omena ana miaka 27. Anastahili kuambiwa haya kabla ya kidonge cha kwanza, tena bila kuharakishwa.

Kabamazepini ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi kwa kuwa hutibu kifafa pia. Huku magharibi mwa Kenya inahitaji uangalifu wa pekee. Huchochea ini kuvunja dawa nyingine haraka, hivyo vijiti vya kupanga uzazi vinavyowekwa mkononi pamoja na vidonge vya uzazi huweza kushindwa kazi. Aidha hupunguza dolutegraviri iliyomo katika TLD, kidonge cha ARV, yaani dawa za virusi vya ukimwi, ambacho wengi humeza mara moja kwa siku. Anayetumia vyote viwili huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku, au dawa tofauti ya bipola. Na kwa kuwa tenofoviri iliyomo katika TLD hupitia kwenye figo kama lithiamu, mwenye kutumia hizo mbili afuatiliwe figo kwa karibu. Yote haya hayawezekani ikiwa kliniki ya akili haijui unachopewa na kliniki ya ARV. Wape wote wawili kadi zako zote.

Lamotrijini husaidia zaidi kuzuia sonona kuliko mania, na huongezwa polepole, miligramu 25 kwa siku katika wiki mbili za kwanza, kisha 50 kwa siku katika mbili zinazofuata, kwa sababu ikiharakishwa huweza kuleta upele wa kuhatarisha maisha. Ikitumiwa pamoja na valproeti huanzwa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwetiapini hutibu pande zote mbili, ila huleta usingizi. Olanzapini huongeza unene na sukari, kwa hiyo pima uzito na sukari tangu mwanzo.

Mtu akipata nafuu ndipo anapovutwa kuziacha. Ikiwa dawa inakunenepesha, inakutetemesha au inakuzubaisha mchana, mweleze daktari, kwa kuwa dozi huweza kupunguzwa na dawa huweza kubadilishwa. Lithiamu ikikatizwa ghafla, mania huweza kurejea ndani ya miezi michache; mnapoamua pamoja kuiacha, hupunguzwa kidogokidogo kwa muda usiopungua wiki nne, na ikiwezekana hadi miezi mitatu.