Leseni ya Maabara Marekani Hutolewa na Jimbo: Mwongozo kwa Wataalamu Kutoka Afrika Mashariki

Mtaalamu wa maabara aliyesajiliwa nchini Kenya anaweza kuhama kutoka Nairobi kwenda Kisumu au Garissa bila kuomba upya ruhusa ya kufanya kazi, kwa kuwa bodi inayomsajili ni moja kwa nchi nzima. Marekani haiko hivyo. Huko mamlaka ya kutoa leseni kwa watu wa fani za tiba yamo mikononi mwa majimbo, na kwa upande wa maabara majimbo hayo hayafanani hata kidogo: machache, yakiwemo California, New York, Florida, Hawaii, Louisiana na Tennessee, humtaka mtaalamu anayepima sampuli za wagonjwa awe na leseni ya jimbo, ilhali mengi zaidi, yakiwemo Texas, Minnesota, Ohio na Massachusetts, hayatoi leseni hiyo kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekusudia kufanya kazi hii Marekani ni jimbo gani atakaloishi, na jibu lake linapaswa kupatikana kabla hajalipia mtihani au tathmini yoyote ya vyeti.

Isidhaniwe kwamba jimbo lisilotoa leseni halina sheria. Maabara zote zinazopima sampuli za binadamu kwa ajili ya matibabu, popote zilipo nchini humo, ziko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inayojulikana kwa kifupi chake, CLIA (Clinical Laboratory Improvement Amendments). Sheria ya awali ya mwaka 1967 iligusa zaidi maabara zilizopokea sampuli kutoka jimbo moja hadi jingine, na nyingi nyingine zikabaki bila uangalizi wa maana. Mwaka 1987 gazeti la Wall Street Journal lilifichua jinsi vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi vilivyokuwa vikisomwa kwa haraka na watu waliolemewa na kazi, baadhi yao wakilipwa kwa idadi ya slaidi (vioo vyenye sampuli ya kusomwa kwa hadubini), na wanawake wenye dalili za saratani wakaambiwa kuwa ni wazima. Bunge la nchi hiyo lilichukua hatua mwaka uliofuata. Ndiyo maana mpaka leo msomaji wa slaidi hizo haruhusiwi kuvuka slaidi 100 katika saa 24, kikomo ambacho ni cha juu kabisa wala si lengo la kufikia.

Sheria hiyo hupanga vipimo kwa ugumu wake. Vile vyepesi sana, kama kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni, havimdai mpimaji elimu maalumu ya maabara. Vile vya ugumu wa juu humtaka angalau awe na elimu ya chuo katika sayansi ya maabara au inayolingana nayo, na aliyesoma nje ya Marekani hulazimika kuonyesha, kupitia tathmini ya vyeti, kwamba elimu yake inafikia kiwango hicho. Jimbo linaweza kuongeza masharti juu ya hayo, lakini haliwezi kuyapunguza.

Hapa waombaji wengi huchanganya nyaraka tatu. Kuna cheti cha CLIA, ambacho hupewa maabara yenyewe na si mtu. Kuna cheti cha kitaaluma, ambacho mtu hupewa na chombo binafsi baada ya kufaulu mtihani, na kinachotambulika zaidi ni kile cha ASCP (American Society for Clinical Pathology). Halafu kuna leseni ya jimbo, ambayo ndiyo ruhusa ya kisheria. Katika majimbo yasiyotoa leseni, waajiri wengi hutaka cheti cha kitaaluma kwa hiari yao. Katika majimbo yanayotoa leseni, cheti hicho kwa kawaida ni hatua mojawapo ya kuipata, lakini hakiwezi kukaa mahali pake. Mtu mwenye cheti cha ASCP anayeanza kupima sampuli California bila leseni ya jimbo anavunja sheria, hata kama amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi Texas bila tatizo.

Mtihani wa ASCP kwa ngazi ya mwanasayansi wa maabara una maswali 100, hufanywa kwa kompyuta kwa saa 2 na nusu, na alama ya kufaulu ni 400 katika mizani inayofika 999. Kompyuta hubadilisha ugumu wa maswali kulingana na majibu, kwa hiyo kuona maswali yanazidi kuwa magumu si ishara mbaya. Sehemu kubwa ya mtihani hugawanywa kati ya kemia, hematolojia (sayansi ya damu), mikrobiolojia na benki ya damu, na hiyo ya mwisho huwasumbua wengi wa kwetu, hasa waliozoea vituo ambako kazi ya damu haikwenda mbali zaidi ya kupima kundi na kulinganisha chupa na damu ya mgonjwa. Utambuzi wa kingamwili kwa kutumia paneli ya seli, yaani seti ya seli nyekundu ambazo aina zake zinajulikana, unahitaji mazoezi ya kutosha.

California ndilo jimbo lenye masharti magumu kuliko mengine, na anayeyaelewa ya huko hatashangazwa na ya kwingine. Leseni ya mwanasayansi wa maabara za tiba hutolewa na ofisi ya Laboratory Field Services iliyo chini ya idara ya afya ya jimbo. Mwombaji anatakiwa awe na shahada ya kwanza ambayo ndani yake mna yuniti 16 za semesta (yuniti ni kipimo cha wingi wa masomo katika vyuo vya huko) za kemia, zikiwemo kemia ya uchanganuzi na kemia ya tiba au biokemia. Yuniti 18 za biolojia, zikiwemo hematolojia, imunolojia na mikrobiolojia ya tiba. Na yuniti 3 za fizikia inayohusu mwanga na umeme. Baada ya hapo kuna mafunzo ya mwaka 1 katika maabara iliyoidhinishwa, ambayo nayo huhitaji leseni ya mwanafunzi, kisha mtihani wa kitaifa, na mwishowe jaribio la sheria za jimbo. Nafasi za mafunzo hayo ni chache na hugombewa sana. Hata kumchukua mgonjwa damu ya vipimo kunahitaji cheti cha jimbo tangu 2003, na mwanafunzi wake lazima awe amechoma mshipa mara 50 na ngozi mara 10 chini ya usimamizi.

Kwa waliosoma Afrika Mashariki, kikwazo cha kawaida si uwezo bali ni maandishi ya transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama kutoka chuoni. Chukua mfano wa transkripti yenye somo lililoandikwa tu "Mazoezi ya Maabara III". Aliyesoma anajua kwamba ndani yake kulikuwa na hematolojia muhula mzima, kuanzia kuhesabu chembe hadi kusoma filamu ya damu kwa hadubini, lakini mtathmini aliyeko California haoni hematolojia popote na hawezi kuikisia. Dawa yake ni mtaala: maelezo rasmi ya kila somo, yenye saa za nadharia na za vitendo, yaliyogongwa muhuri na chuo. Kuyapata ukiwa bado karibu na chuo ni jambo la siku chache, na kuyatafuta kwa simu kutoka ng'ambo baada ya msajili kustaafu ni mateso. Fizikia nayo huwaangusha wengi, kwa sababu walimalizana nayo kidato cha sita. Ni salama zaidi kuisoma upya katika chuo cha jamii (community college) cha huko kuliko kubishana na ofisi. Wenye vyeti vya Kifaransa kutoka Kongo au Burundi wanahitaji pia tafsiri iliyothibitishwa. Na wenye stashahada ya miaka 3 watarajie kwamba mara nyingi tathmini haitawapa hadhi ya shahada ya kwanza, hivyo ngazi ya fundi sanifu ndiyo mlango wao wa kuanzia.

Wapo wanaohoji sababu ya masharti haya yote wakati mashine ndiyo inayopima. Fikiria majibu yanayoonyesha potasiamu iliyopanda kupita kiasi cha kumwacha mtu hai, na papo hapo kalsiamu imeshuka karibu na sufuri, kwa mgonjwa anayezungumza vizuri kitandani. Mashine haijakosea. Aliyemchukua mgonjwa damu alijaza mrija wa kifuniko cha zambarau, akaona mwingine umepungua, akamimina kutoka huo wa kwanza, na dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo ni chumvi ya potasiamu inayonasa kalsiamu, ikaenda nayo. Mtaalamu aliyefunzwa huisoma picha hiyo kwa sekunde chache, huzuia majibu yasitoke na kuomba sampuli nyingine. Asiyefunzwa huyaachia, na daktari anaweza kuanza kushusha potasiamu ya mtu ambaye potasiamu yake ilikuwa sawa tangu mwanzo.

New York ilianza kutekeleza sheria yake ya leseni mwaka 2006, na huko ofisi husika iko chini ya idara ya elimu, si ya afya, jambo linalowapoteza waombaji wanaoandika barua mahali pasipo pake. Florida ina bodi yake ya watumishi wa maabara, na leseni zake hutenganisha mkurugenzi, msimamizi, mteknolojia na fundi sanifu. Louisiana inaitumia bodi ya madaktari.

Leseni haitoi haki ya kuishi wala kufanya kazi nchini. Hayo ni mambo ya uhamiaji, ambayo ni ya serikali ya shirikisho, na anayeomba viza kwa ajili ya kazi ya maabara huongezewa sharti jingine, cheti cha VisaScreen, kinachothibitisha elimu, usajili wa nyumbani na ujuzi wa Kiingereza. Kwa sababu hiyo ni vyema kutoacha usajili wa nyumbani ufe. Ofisi za Marekani hutaka barua ya uthibitisho itoke moja kwa moja kwa bodi au baraza lililokusajili, na baraza haliwezi kumwandikia vizuri mtu ambaye hajalipa ada yake ya mwaka. Jina nalo liwe moja katika pasipoti, vyeti na fomu. Anayetumia jina la ndoa katika baadhi ya nyaraka aambatanishe cheti cha ndoa tangu siku ya kwanza.

Wakati maombi yakishughulikiwa, kazi ya kupokea, kusajili na kuandaa sampuli kabla ya kupimwa kwa kawaida haihitaji leseni ya upimaji, na ni njia halali ya kuingia katika maabara na kuzoea mifumo yake. Leseni ikishapatikana ina muda wake: California huihuisha kila baada ya miaka 2, kwa sharti la saa 24 za mafunzo endelevu, na vyeti vya mafunzo hayo vitunzwe kwa sababu ofisi inaweza kuvidai.